Watunzi-waimbaji wa muziki wa dansi, 1965 hadi 1999: nani akae nafasi ya kwanza?

Mpenda Zilipendwa (Morogoro) ameandika:

Ndugu wanajukwaa,

Naomba tujadili kwa hoja jambo ambalo kwa kawaida humalizwa kwa kelele za ushabiki. Tukiwachukua watunzi wa muziki wa dansi wa Tanzania walioimba wenyewe tungo zao, kuanzia baada ya kifo cha Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba mwaka 1965 hadi mwaka 1999, tutawapangaje kwa ubora? Nimeanzia hapo kwa makusudi. Salum Abdallah akiingizwa katika mizani hii atawafanya wengi waonekane wanafunzi wake, na isitoshe ni katika miaka hiyo ambapo bendi nyingi zilianza kuwa mali ya vyama na mashirika ya umma, hali iliyobadilisha sana mazingira ya mtunzi na mshahara wake.

Sipimi umaarufu. Napima kwanza maneno, yaani kama tungo ina jambo la kusema na inalisema kwa namna ambayo mtu mwingine asingelisema. Pili, napima kama sauti ya mwimbaji inayafaa maneno hayo. Na tatu, kama mtunzi aliweza kufanya hivyo katika nyimbo nyingi, si katika kibao kimoja kilichobahatika.

Kwa vigezo hivyo namweka Mbaraka Mwinshehe nafasi ya kwanza. Alizaliwa mwaka 1944, akajiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akaenda nayo Japani katika maonyesho ya Expo 70 kule Osaka, akaiacha mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, na akafariki katika ajali ya gari Mombasa mwezi Januari mwaka 1979 akiwa na umri wa miaka 34 tu. Katika muda huo mfupi alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga gitaa la solo kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ninapoona tofauti yake na wenzake. Sikilizeni "Shida" kwa makini. Sauti haipandi ili kuomba huruma. Inasema jambo lake kwa utulivu, kisha gitaa linaipokea sentensi pale sauti ilipoiacha, kwa lafudhi ile ile, kwa sababu mkono na koo ni vya mtu mmoja. Mtunzi anayemtegemea mpiga solo mwingine hujibiwa. Mbaraka alikuwa akijikamilisha.

Aliweza pia kuimba habari. Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa na mkulima siku ya Krismasi mwaka 1971, wimbo wa maombolezo wa Mbaraka uliingia vichwani mwa watu ambao hawakuwahi kushika gazeti. Na aliweza kuichukua methali ambayo kila mtu anaijua, kama alivyofanya katika "Jogoo la Shamba", akaifanya isikike kama jambo lililomtokea jirani wiki iliyopita.

Nafasi ya pili nampa Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947 na kufika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kabla ya kwenda Matimila. Hakuna mtunzi mwingine wa dansi aliyemfanya mnyonge kuwa msemaji wa wimbo, badala ya kuwa mtu wa kuhurumiwa ndani ya wimbo. Nafasi ya tatu ni Marijani Rajab, na ya nne ni Patrick Balisidya wa Afro 70, ambaye "Harusi" yake bado inapigwa katika sherehe za watu ambao wazazi wao hawakuwa wamezaliwa ilipotoka. Nafasi ya tano nampa Hemed Maneti wa Vijana Jazz, hasa kwa sababu ya "Mary Maria" na kwa jinsi alivyoibeba bendi hiyo hadi alipofariki mwaka 1990.

Najua nafasi ya tatu itazua maneno. Nayasubiri, lakini yaje na sababu.

Mkazi wa Kariakoo ameandika:

Ndugu mleta mada, nakushukuru kwa kuweka vigezo, kwa sababu vigezo vyako mwenyewe ndivyo vinavyompandisha Marijani juu ya Remmy, na nina hakika ukivitumia bila huruma vitampandisha hata juu ya Mbaraka.

Umesema unapima maneno. Mbaraka aliimba vizuri sana juu ya mambo: shida, pesa, masimango, heshima ya mtu. Marijani aliimba juu ya watu. Yatazame majina ya nyimbo zake: Georgina, Zuwena, Siwema, Mwanameka, Rosa, Masudi. Haya si majina ya kupamba kibwagizo. Katika tungo za Marijani mtu huitwa kwa jina, huelezwa alikotoka na yaliyomfika, na msikilizaji anaketi kama mmoja wa wazee walioitwa kusuluhisha, akisikia upande mmoja tu wa kesi na kulazimika kuukisia upande wa pili. Huo ni ufundi wa msimulizi, na wasimulizi katika dansi hawakuwa wengi kama tunavyodhani. Wengi walikuwa washauri.

Chukua "Rosa Nenda Shule". Ni wimbo wa muongo ule ambao Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliitaka nchi iharakishe elimu ya msingi kwa watoto wote, na bendi nyingi ziliimba habari hiyo kwa namna ya tangazo: wananchi, pelekeni watoto shule. Marijani hakuwahutubia wananchi. Alizungumza na Rosa. Tangazo lilikoma kazi yake mara lengo la serikali lilipofikiwa, lakini msichana anayeambiwa aende shule yupo katika kila nyumba hadi leo, na ndiyo maana wimbo haujachakaa.

Kuhusu sauti sidhani kama kuna ubishi. Tangu Safari Trippers mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipokuwa kijana asiyetimiza hata miaka ishirini, hadi Dar International kuanzia mwaka 1977, hutasikia silabi iliyomezwa. Mtu anayejifunza Kiswahili angeweza kuandika imla kutoka katika nyimbo zake. Jina la "Jabali la Muziki" hakujipa mwenyewe kwa majivuno.

Sasa Remmy. Nampenda, lakini tukizungumzia utunzi kama utunzi, tungo zake nyingi ni hotuba nzuri zilizowekewa magitaa. Anarudia, anatoka nje ya mada, anarudi, anamtaja mtu, anacheka, anaendelea. Ukumbini jambo hilo linanoga. Ukiyaandika maneno yale katika karatasi na kuyaweka kando ya maneno ya "Zuwena", utaona ni yupi aliyekaa chini akachagua neno lake.

Sinza Kijiweni ameandika:

Mkuu wa Kariakoo, hoja ya karatasi siikubali hata kidogo. Nyimbo hazikutungwa zisomwe.

Unachokiita kutoka nje ya mada ndiko kutunga kwenyewe. Remmy aliimba jinsi watu wanavyozungumza wanapolalamika, na mtu anayelalamika hapangi vina. Katika "Mnyonge Hana Haki" na "Sauti ya Mnyonge" nguvu inatokana na kurudia, kwa kuwa mnyonge hurudia neno lake akijua kwamba mara ya kwanza hakusikilizwa. Angekata na kupunguza kama unavyotaka, angebakiwa na methali, na methali tunazo za kutosha.

Liko jambo jingine ambalo mleta mada hakuligusa. "Mambo kwa Soksi" uliwaambia wanaume watumie kondomu wakati ambapo ukimwi ulikuwa ukizungumzwa kwa mafumbo na watu wakizikwa kwa ugonjwa "wa muda mrefu". Radio Tanzania haikuupiga. Hata hivyo wimbo ulienea kwa kanda na kumbini, na watu waliujua neno kwa neno. Nitajieni mtunzi mwingine wa dansi wa kipindi hicho aliyetunga wimbo ambao redio pekee ya taifa iliunyima hewa na ukafika nchi nzima. Huyu ni mtu ambaye kituo cha daladala kinaitwa kwa jina lake, Sinza kwa Remmy, na makondakta wanaoliita jina hilo kutwa wengi wao ni vijana wa juzi tu.

Mwana Mvita ameandika:

Salaam kwenu nyote. Mimi ni msikilizaji wa Mombasa na nina malalamiko mawili, moja dogo na jingine kubwa.

Dogo ni kwamba mpaka wa mada umechorwa kwa wino wa pasipoti. Santuri za Mbaraka zilitoka Nairobi, kwa sababu Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa, na "Shida" ilikuwa wimbo wetu sawa na ulivyokuwa wenu. Ndugu wawili wa Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga wakahamia Nairobi mwaka 1971 na kuunda Simba Wanyika. Je, wao tuwaweke upande gani wa mpaka? Na ikiwa mada ni wimbo wa Kiswahili uliotungwa na mwimbaji wake, Daudi Kabaka hawezi kukosekana hata katika orodha ya majina ya kufikiriwa. "Helule Helule" yake ilichukuliwa na kundi la Tremeloes la Uingereza mwaka 1968, na "Msichana wa Elimu" ingeweza kukaa mezani pamoja na "Rosa" wenu bila kuona haya.

Nitaongeza jambo moja ingawa najua linavuka mada. Kama kigezo ni ujasiri wa kusema lisilosemeka, mtunzi mkubwa wa eneo hili hakuimba kwa Kiswahili. Joseph Kamaru alitoa wimbo juu ya mwanasiasa J. M. Kariuki mwaka ule ule wa 1975 alipouawa, kwa Kikuyu, na D. O. Misiani wa Shirati Jazz, ambaye kwa kuzaliwa ni wa upande wenu wa Ziwa, alifanya kazi ya namna hiyo kwa Kijaluo na kwa mafumbo mazito. Kiswahili kilimpa mtunzi wasikilizaji wengi zaidi, lakini huenda kilimpa pia masikio mengi zaidi ya wakubwa.

Malalamiko makubwa ni haya. Hapa Mombasa ukimwuliza mtu mzima ni nani mwimbaji mkubwa wa nusu ya pili ya karne, hatakutajia mtu wa dansi. Atamtaja Juma Bhalo, na huenda akaanza kukuimbia "Pete" kabla hujamaliza swali. Lakini hapo kigezo cha mleta mada kinavunjika, kwa sababu katika taarabu ya pwani mtu mmoja hutunga shairi na mwingine hulitia sauti, na hakuna aonaye kwamba kuna upungufu. Bhalo alitunga mwenyewe baadhi ya nyimbo zake, ila nyingi zilitoka kwa jamaa yake Ahmad Nassir, malenga ambaye mashairi yake yanasomwa vitabuni. Zein l'Abdin, mpiga udi mzaliwa wa Lamu, aliimba mashairi ya Ahmed Sheikh Nabhany. Kwetu heshima ya malenga na heshima ya mwimbaji ni heshima mbili, na kila moja ina mwenyewe. Hili la kumtaka mtu mmoja awe yote mawili ndipo ahesabiwe mkubwa, sijui limetoka wapi, lakini halikutoka pwani.

Dada wa Ngamiani ameandika:

Kaka mleta mada, shikamoo. Nimesoma orodha yako na majibu yaliyofuata, na kufikia hapa yametajwa majina mengi ya wanawake, ila wote ni wanawake walioimbwa: Georgina, Zuwena, Rosa, Mary Maria. Aliyeimba hata mmoja hajatajwa.

Sisemi hivyo ili uongeze jina kwa ajili ya adabu. Nataka sababu iwekwe wazi. Bendi za dansi zilifanya kazi usiku, zilisafiri mikoani kwa malori, na mtu aliajiriwa kwa ala aliyoipiga au sauti aliyokuwa nayo; mwanamke aliyepokewa mara nyingi alipewa nafasi ya kuitikia au kucheza jukwaani, na mtu anayeitikia haulizwi kama ana tungo. Ile bendi ya wanawake iliyoundwa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1960 ilibaki kuwa jambo la pekee. Kwa hiyo orodha yenu ya dansi ni ya wanaume kwa sababu mlango ulikuwa wa wanaume, na kigezo cha "aliyetunga na kuimba" kinauheshimu mlango huo bila kuuliza nani aliujenga.

Sasa njooni Tanga. Taarabu ya kwetu, ile ya Black Star na Lucky Star, haikutegemea udi na fidla kama ya Unguja. Ilitumia gitaa la umeme na besi, nyimbo zilikuwa fupi, na mtu wa dansi angeweza kuzicheza bila kufundishwa. Shakila Saidi alipoimba "Macho Yanacheka" alikuwa amesimama mahali ambapo ukuta kati ya dansi na taarabu ni pazia tu. Sauti yake haina madoido mengi. Anaacha neno litue, anavuta pumzi, na ndani ya pumzi ile msikilizaji anamaliza mwenyewe kilichobaki. Ikiwa mnataka kupima jinsi sauti inavyoyafaa maneno, ambacho ni kigezo cha pili cha mleta mada, basi mpime hapo, kisha mrudi mniambie kama Maneti anabaki katika tano bora.

Mpiga Ridhimu Mstaafu ameandika:

Wanangu na wadogo zangu, nimepiga gitaa la ridhimu katika bendi ambazo sitazitaja, na nimefurahi kuona mjadala unaoheshimu kazi. Lakini naona mnazungumza kana kwamba wimbo wa dansi ulitoka kichwani mwa mtu mmoja ukaenda moja kwa moja redioni. Haukwenda hivyo.

Mtunzi alikuja mazoezini na maneno, wakati mwingine beti tatu tu, pamoja na sauti aliyokuwa akiivumisha mdomoni. Mpiga solo aliitafutia mwanzo. Mimi wa ridhimu nilitafuta mahali pa kukaa kati ya solo na besi, nisimkanyage yeyote. Wapuliza saksofoni na tarumbeta walikaa pembeni wakitunga jibu lao, na mara nyingi jibu hilo ndilo mnaloimba nyinyi leo mkidhani mnaimba wimbo. Kisha kiongozi wa bendi alikata: ubeti huu mrefu, kibwagizo kirudi mara mbili, na chemko lianze hapa. Chemko, kwa vijana wasiojua, ni ile sehemu ya pili ambapo maneno yanapungua, magitaa yanakaza na watu wanaacha viti. Katika bendi ya Mlimani Park, kwa mfano, huwezi kuzungumzia utunzi bila kumtaja Michael Enoch, ambaye wengi wenu mnamjua kama mpigaji tu, ingawa mkono wake wa kupanga muziki umo katika nyimbo ambazo mnawapa sifa waimbaji peke yao.

Baada ya hapo maneno yalipelekwa redioni yakasomwe na wahusika kabla ya kurekodi. Siku ya kurekodi bendi nzima ilipiga kwa pamoja. Hapakuwa na kuweka sauti leo na gitaa kesho. Mmoja akikosea kwenye dakika ya tano, mnaanza upya wote, na mtu aliyekosea haangalii mtu usoni. Wimbo ulipopigwa hewani, mtangazaji alitaja bendi. Jina la mtunzi lilijulikana mtaani, au halikujulikana kabisa.

Kisha watu wakahama. Mwaka 1985 mwimbaji Muhidin Gurumo aliondoka Sikinde, yaani hiyo hiyo Mlimani Park, kwenda Orchestra Safari Sound (OSS). Mtunzi akihama, wimbo wake hubaki kwa bendi iliyourekodi, na kesho yake anausimamia mwimbaji mwingine mbele ya mashabiki wale wale. Katika hali hiyo hesabu ya "nani alitunga na kuimba" inahitaji mtu aliyekuwepo, na waliokuwepo wanapungua. Tazameni "Malaika" tu: wimbo ulioimbwa dunia nzima, Fadhili William akajulikana kwa kuurekodi, Adam Salim akasema ni wake, na ubishi huo haujaisha.

Kwa hiyo nami nitapanga, lakini kwa macho ya mtu wa jukwaani. Mbaraka wa kwanza, kwa sababu ile ile mleta mada aliyoitaja ya mkono na koo. Wa pili nampa Gurumo, ambaye mmemsahau wote. Alikuwa NUTA Jazz tangu mwaka 1964, akawa mmoja wa walioijenga Mlimani Park mwaka 1978, akapita OSS, akarudi Msondo, yaani NUTA ile ile iliyokuja kuitwa JUWATA, na kila alipokwenda bendi ilianza kusikika kama yeye. Sauti yake si nzuri kwa maana ya Marijani. Ni sauti ya mjomba anayekuita pembeni. Lakini mtunzi hupimwa pia kwa jinsi anavyowatungia wengine nafasi, na Gurumo alijua kuacha mahali ambapo mwimbaji mwenzake Bitchuka angeingia juu yake na sauti ile nyembamba, wimbo ukapata ghorofa mbili. Marijani wa tatu. Remmy wa nne. Sibishani na watu wa Sinza, ila nimesikia wapiga gitaa wake wakifanya kazi ambayo sifa zote zilikwenda kwake.

Mlushois ameandika:

Ndugu zangu, nawaandikia kutoka Lubumbashi. Ikiwa mnatafuta mtu mmoja aliyetunga, akaimba na kujipigia bila bendi nyuma yake, mnamtafuta Mwenda Jean Bosco, ambaye sisi tunamwita pia Mwenda wa Bayeke. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952. Aliimba kwa Kiswahili cha Katanga na alilipiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada, kidole kimoja kikitembea na besi huku kingine kikiimba juu yake. "Masanga" yake ilisikika hadi Nairobi, ambako baadaye aliishi kwa muda, na wapiga gitaa wengi wa Kenya walijifunza kwa kumwiga.

Najua mwaka 1965 mmeuweka kuwa mwanzo, lakini Mwenda aliendelea kupiga hadi miaka ya mwisho kabla ya kufariki mwaka 1990. Na kwa swali la mzee mpiga ridhimu, yeye hana tatizo lolote: hakuna mpiga solo wa kudai, hakuna mpangaji wa kudai. Kila kinachosikika ni chake.

Mpenda Zilipendwa (Morogoro) ameandika:

Marahaba dada wa Ngamiani, na ahsanteni nyote. Mzee wangu mpiga ridhimu, shikamoo.

Nianze na lililo gumu zaidi. Hoja ya kwamba wimbo ni mali ya bendi naiona ina nguvu kwa Mlimani Park, kwa Msondo na kwa Vijana Jazz, ambako waimbaji walikuwa wengi na viongozi wa muziki walikuwa na mamlaka. Haina nguvu ile ile kwa Super Volcano wala kwa Super Matimila. Bendi hizo zilisimama juu ya mtu mmoja. Mbaraka alipofariki, Super Volcano haikuwa tena kitu kile. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kumwacha Mbaraka pale alipo, na ni sababu inayombakiza Remmy juu pia, hata kama wapiga gitaa wake wanastahili sifa zaidi ya wanazopewa.

Kwa ndugu wa Kariakoo: uchambuzi wako wa "Rosa" ndio bora kuliko yote niliyosoma hapa, na nakubali kwamba Marijani ni msimulizi kuwazidi wenzake wote. Lakini simpandishi. Msimulizi wake anakaa karibu kila mara katika chumba kimoja, cha mapenzi na ndoa na malezi, na anakijua chumba hicho kuliko mtu yeyote. Remmy aliingia katika kifo, katika ugonjwa, katika siasa hadi akamwimba waziri aliyekuwa madarakani katika "Mrema", na katika swali la asili ya muziki wenyewe. Kwangu upana huo unazidi usafi wa Marijani, ingawa kwa tofauti ndogo.

Gurumo anaingia nafasi ya nne, na Balisidya anashuka hadi ya tano. Maneti anatoka, jambo ambalo limenichukua muda kulikubali, kwa sababu "Mary Maria" ni wimbo ninaoupenda kuliko baadhi ya nyimbo za walio juu yake. Balisidya simtoi. Aliimba, alipiga gitaa na kinanda, aliiongoza Afro 70 hadi tamasha la FESTAC la Lagos mwaka 1977, na baada ya miaka miwili akashirikiana na Waswidi wa Archimedes Badkar bila kuacha kusikika kama mtu wa Dodoma.

Shakila na Juma Bhalo nawaachia uzi wao, na ningependa dada wa Ngamiani na ndugu wa Mvita waufungue wao, maana vigezo vya huko lazima viwekwe na watu wa huko. Mwenda nitamweka katika uzi wa watangulizi pamoja na Salum Abdallah na Fundi Konde.

Limebaki jambo moja ambalo naomba tulifanyie kazi hapa hapa. Mzee ametukumbusha kwamba redioni ilitajwa bendi, si mtunzi. Mwenye santuri za miaka hiyo zilizochapwa Nairobi atazame lebo ya katikati, ambapo jina la mtunzi huandikwa chini ya jina la wimbo, alinakili pamoja na namba ya santuri na kuliweka katika uzi huu. Tuanze na za Safari Trippers na Afro 70, kisha twende kwa NUTA na JUWATA, ambako najua ubishi utakuwa mkubwa zaidi.